Usinunue Mashine Isiyomeza Diski

Ikikaribia Desemba, watu wanaojua kwamba naugua gemu huanza kunitumia swali lile lile. Dukani kuna PS5 mbili, yaani PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony: moja inaingiza diski, nyingine haiingizi na bei yake imepungua kidogo. Nichukue ipi? Huwa nawajibu kabla hawajamaliza kuandika: chukua ya diski. Hela haijatosha? Ngoja mwezi mwingine, au tafuta PS4 iliyotumika, yenye diski, ucheze kwa raha zako. Ile nyingine iache hapo hapo kwenye rafu.

Kuna wanaoniona mshamba. Wananiambia dunia imehama, na kwa kiasi fulani wana haki. Hesabu za Sony yenyewe zinaonyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya gemu kamili zinazouzwa kwa PS4 na PS5 siku hizi hupakuliwa mtandaoni, hazishikwi mkononi. Lakini hiyo dunia iliyohama ina kadi ya benki inayopokelewa na duka la Sony bila maswali, ina intaneti ya waya isiyohesabu gigabaiti, na imo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inazitambua. Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura tunacheza gemu zile zile, ila tunazicheza kwa mlango wa uani. Ushauri unaomfaa kijana wa London haufai kubebwa mzima mzima hadi Kariakoo.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayoamua. PS5 ilipoingia sokoni Novemba 2020, kule Marekani ya diski iliuzwa dola 499 na ya digitali, yaani ile isiyoingiza diski, dola 399. Dola 100 si hela ya kuchezea, na ndiyo iliyowavuta wengi. Agosti 2025 Sony ikapandisha bei huko huko Marekani: ya diski ikafika karibu dola 550, ya digitali karibu dola 500. Tofauti ikawa imekatwa nusu. Wakati huo huo kifaa cha kusomea diski kinachouzwa peke yake, kile cha kupachika kwenye toleo jembamba lililotoka Novemba 2023, kiliwekewa bei ya karibu dola 80. Yaani uokoe 50 leo, kesho utoe 80 kukifuata kile kile ulichokikataa. Rahisi ghali. Huku kwetu ongeza usafiri, ushuru na VAT (asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya), namba zote zitapanda, lakini mantiki haibadiliki.

Halafu kuna gemu zenyewe, ambazo ndizo zinazokula hela kuliko mashine. Hadi kizazi cha PS4, gemu kubwa mpya ilianza dola 60. Kizazi hiki ikasogezwa hadi 70, na Nintendo mwaka 2025 ikaiuza Mario Kart World kwa dola 80. Dola 70 ni zaidi ya shilingi laki moja na nusu za Tanzania, au karibu shilingi 9,000 za Kenya, kabla hata ya faida ya muuzaji. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida hiyo ni kodi ya chumba.

Sasa tuseme umenunua diski kwa 170,000. Gemu ni ya hadithi, ya saa 25 hivi, ukaimaliza ndani ya mwezi. Ungali na boksi safi, jalada halijachanika. Unaipeleka sokoni, unapata 110,000 au 120,000 kwa sababu bado ni mpya. Gemu ile imekugharimu elfu hamsini na kitu. Jirani yako wa digitali amecheza saa zile zile, kalia machozi yale yale mwishoni, na imemgharimu 170,000 kamili. Hana cha kumuuzia mtu, hana cha kumwazima shemeji yake. Gemu mbili kama hizo zikipita, ile nafuu aliyoipata kwenye mashine imeshayeyuka, na bado kuna miaka sita ya kuchezea mashine hiyo.

Ndiyo maana nasema bei ya gemu si ile uliyolipa kaunta. Ni ile uliyolipa, ukitoa ile utakayorudishiwa. Wachezaji wa hapa wanalijua hili bila kufundishwa. Nenda mitaa ya Kariakoo inayouza simu na vifaa vya umeme, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta biashara kubwa ya gemu ni ya kubadilishana: unaleta yako, unaangaliwa, unaongeza kidogo, unaondoka na nyingine. Makundi ya WhatsApp yanafanya hivyo hivyo usiku kucha. Diski inafungwa kwenye bahasha, inapandishwa basi la Mbeya au Mwanza kama kifurushi kingine chochote, na kesho yake kuna mtu anaicheza. Diski moja ya gemu nzuri inaweza kupita nyumba nane kabla ya kustaafu. Hakuna faili la kupakuliwa linaloweza kusafiri hivyo, na halikukusudiwa lisafiri.

Na tusisahau kwamba duka la mtandaoni ni duka moja. Ukiwa na PS5 isiyo na diski, muuzaji wako wa gemu hadi mwisho wa maisha ya mashine ni Sony. Tangu Aprili 2019 kampuni hiyo ilizuia hata maduka mengine kuuza namba za siri za kupakulia gemu kamili za digitali. Yalibaki kuuza vocha za kuweka fedha kwenye akaunti. Hakuna wa kumwambia "punguza kidogo bosi". Ni kweli duka lenyewe hufanya punguzo kubwa mara kwa mara, gemu ya mwaka jana ikashuka kwa nusu au zaidi, na mimi mwenyewe huvizia siku hizo. Lakini punguzo ni hisani ya muuzaji. Likiisha, gemu ya miaka minne inarudi kwenye bei yake ya kwanza bila aibu, wakati diski yake ile ile mtaani imeshakuwa bei ya nyama kilo mbili.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo wachambuzi wa Ulaya hawaligusi kwa sababu haliwahusu. Ukifungua akaunti ya PlayStation unaulizwa nchi. Tafuta Tanzania, hutaiona. Kenya haipo, Uganda haipo, Rwanda, Burundi, Kongo, hakuna. Afrika Kusini ipo. Oman ipo, Falme za Kiarabu zipo. Kwa hiyo kila mchezaji wa ukanda huu anayeingia mtandaoni amejiandikisha kama mkazi wa mahali pengine. Mmoja ni Mmarekani, mwingine Mwingereza, na mwenye binamu Muscat anajiandikisha Oman ili binamu amtumie vocha. Masharti ya huduma yanataka taarifa za kweli, na nchi ukishaichagua haibadilishwi. Mkusanyiko wako wote wa gemu za digitali, ulioujenga kwa miaka, umekaa juu ya anwani ambayo huishi.

Mtu atasema hayo ni makaratasi, nani atakuja kuhakiki? Mwaka 2024 tuliona yanavyoweza kugeuka. Helldivers 2, gemu ya Sony iliyotoka Februari mwaka huo kwa PS5 na kompyuta, ilikuwa inauzwa dunia nzima kwa watu wa kompyuta. Mwezi Mei wakatangaziwa kwamba sasa kila mchezaji lazima aunganishe akaunti ya PlayStation. Papo hapo ikabainika kuna nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haitolewi rasmi, na gemu ikaondolewa dukani huko kote. Watu walikuwa wameshalipa, wanacheza vizuri, mara wanaambiwa nchi yao haimo. Wachezaji walizua kelele kubwa, Sony ikarudi nyuma ndani ya siku chache, lakini mauzo katika nchi hizo yalibaki yamefungwa kwa muda mrefu. Tanzania na Kenya hazikutajwa kwa ubaya wowote. Hazikufikiriwa tu. Na mteja asiyefikiriwa hana pa kupeleka malalamiko.

Diski haikuulizi unaishi wapi. Iliyotoka Marekani inasomwa na mashine iliyotoka Dubai, bila akaunti, bila kadi, bila seva ya mtu kukubali. Ndiyo bidhaa pekee katika biashara hii yote inayotuchukulia kama wanunuzi wa kawaida.

Hapa nisimame kidogo kwenye jambo moja la ufundi kwa sababu limewaliza wengi. Gemu yenyewe haifungiwi kwa kanda, lakini nyongeza zake zinafungiwa. Sura mpya za hadithi, wachezaji wa ziada, pointi za kununulia vitu ndani ya gemu ya mpira: vyote hivyo vinanunuliwa kwenye duka la nchi ya akaunti yako, na ni lazima viendane na kanda ya diski. Diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani havielewani. Utalipa, utapakua, na gemu itajifanya haijaona kitu. Namna ya kujua ni rahisi: tazama kona ya chini ya jalada. Ukiona herufi kama E, T au M kwenye kijiboksi cheupe cha ESRB, alama ya umri ya kule, hiyo ni ya Marekani. Ukiona namba 3, 7, 12, 16 au 18 ya PEGI, alama ya umri ya Ulaya, hiyo ni ya Ulaya. Mzigo wa Dubai huja umechanganyika, kwa hiyo usimuulize muuzaji ilikotoka, soma jalada. Kama unanunua diski nyingi mtaani, chunguza kwanza mtaani kwako zinapatikana zaidi za wapi, ndipo ufungue akaunti ya nchi hiyo.

Na mkiwa kwenye mada ya akaunti, tafadhali achaneni na hizi akaunti za kuuziwa. Mnazijua: gemu ya laki moja na nusu unauziwa elfu thelathini, unapewa barua pepe na nenosiri, unapakua, unaambiwa usibadilishe chochote. Alichokuuzia muuzaji ni ruhusa ya kukaa kwenye akaunti yake, na ruhusa hiyo hiyo kamuuzia mwingine. Siku mwenyewe akibadilisha nenosiri au akaunti ikafungwa kwa kukiuka masharti, gemu inaweka alama ya kufuli na namba ya muuzaji haipatikani. Naelewa kwa nini biashara hii imestawi. Bei rasmi inatisha na diski za mashine isiyomeza diski hazipo. Wateja wake wakubwa ni hao hao walionunua mashine ya bei nafuu.

Kilichonishangaza katika historia ya jambo hili ni jinsi tulivyolikubali. Mwaka 2013 Microsoft ilipoitambulisha Xbox One, ilisema mashine itahitaji kuhakikiwa mtandaoni kila baada ya saa 24, na kwamba gemu zilizotumika zitawekewa vikwazo. Hasira zilizofuata zilikuwa za kihistoria. Sony ikapanda jukwaani Juni mwaka ule kutangaza kwamba PS4 haitazuia gemu zilizotumika, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na ikatoa hata kijivideo cha sekunde chache kuonyesha namna ya kuazimana gemu: mtu mmoja anampa mwenzake boksi, basi, somo limeisha. Microsoft ikafuta mpango wake siku chache baadaye. PS4 ikaiacha mbali Xbox One kwa kizazi kizima.

Leo ni Sony hiyo hiyo iliyotoa PS5 Pro mwaka 2024 kwa dola 700 bila sehemu ya diski. Microsoft inauza Xbox Series S ambayo haijawahi kuwa nayo. Kile ambacho wachezaji walikikataa kilipoletwa kama sharti, wamekipokea kilipoletwa kama punguzo la bei. Hakuna aliyewanyang'anya haki ya kuuza gemu iliyotumika. Waliambiwa tu kwamba wakiiacha watapunguziwa dola mia, wakaiacha. Kibiashara ni kazi safi sana, nawavulia kofia.

Mwenye duka moja akiamua kulifunga, umefungiwa na wewe. Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za Wii U na 3DS Machi 2023. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Sony ilitaka kufunga la PS3 na la Vita, mashine yake ya mkononi, mwaka 2021, ikabadili mawazo baada ya kelele. Kwa wapenzi wa mpira kuna mfano wa karibu zaidi: EA, kampuni inayotengeneza gemu hizo, ilipoachana na jina la FIFA na kuanza EA Sports FC mwaka 2023, gemu za FIFA zilizotangulia ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Ukiitaka FIFA 19 leo kwa PS4, tafuta diski. Na mabanda mengi ya gemu yanaitaka, kwa sababu mashine zao ni za zamani na wateja wao wanataka dakika kumi za mpira wenye kasi, hawajali nani kahamia timu gani.

Lakini nisiisifie diski kupita kiasi, maana nayo siku hizi imeingiwa na ulaghai. Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, diski yake ya PS5 ilikuwa na megabaiti 70 hivi tu. Diski inayoweza kubeba gigabaiti 100! Ulichonunua ni ufunguo. Gemu yenyewe unaipakua yote, kwa bando lako. Nintendo wamelirasimisha jambo hili kwenye mashine yao ya Switch 2 kwa kadi zisizo na gemu ndani, japo angalau wanaandika hivyo wazi kwenye jalada na kadi inaweza kuuzwa tena. Nazo gemu za mtandaoni tupu hazina diski inayoweza kuziokoa. The Crew ya Ubisoft iliuzwa kwenye diski tangu 2014, seva zikazimwa Machi 2024, na diski zote zikabaki sahani. Ni tukio lililoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ya kupinga gemu zilizouzwa kuzimwa hivyo, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imevuka sahihi milioni moja za raia wa Umoja wa Ulaya. Concord, gemu ya mtandaoni ya Sony yenyewe, iliishi wiki mbili tu, Agosti hadi Septemba 2024. Angalau walioinunua walirudishiwa fedha.

Kwa hiyo mimi huuliza swali moja kabla ya kununua: nikichomoa intaneti, gemu hii itachezeka kutoka kwenye diski? Kuna wapenzi wa gemu wenye mradi unaoitwa Does it Play? wanaojaribu diski moja moja bila mtandao na kuchapisha matokeo, na matokeo yao ni ya kutia moyo kuliko nilivyotarajia: diski nyingi za PS4 na PS5 zinacheza tangu mwanzo hadi mwisho. God of War, Spider-Man, Ghost of Tsushima, gemu za aina hiyo ndizo za kuweka hela. Gemu ya mtandaoni tupu, hasa inayotegemea watu wengine wawepo, iangalie kama kiingilio cha uwanjani na usilipe zaidi ya thamani ya miezi utakayoicheza.

Ndogo ndogo za digitali sina ugomvi nazo. Gemu ya dola 15 iliyotengenezwa na watu watano, isiyo na diski na yenye gigabaiti mbili, pakua ufurahi. Baadhi ya saa zangu bora kwenye mashine zimetoka huko.

Kuhusu gemu ya mpira nina msimamo utakaowaudhi wengi: kuinunua kila Septemba ni kutupa hela. Kinachobadilika ni jezi, usajili na vitu viwili vitatu vya uchezaji ambavyo nusu yake hurekebishwa kwa sasisho hadi kufikia Krismasi. Diski ya gemu ya mpira inaporomoka bei kuliko diski ya aina nyingine yoyote, na inaporomoka kwa ratiba unayoijua. Nunua ya msimu huu ikifika Aprili au Mei, cheza hadi mwakani, ruka mmoja. Anayecheza na ndugu zake sebuleni kwa pedi mbili hatapungukiwa na kitu. Anayesema lazima awe na mpya kwa sababu ya Ultimate Team, ile sehemu ya kujenga timu kwa pakiti za wachezaji, huyo tatizo lake si gemu. Zile pakiti za kununua bila kujua ndani kuna mchezaji gani, Ubelgiji iliziona ni kamari mwaka 2018, na EA ikaacha kuuza pointi zake huko mwanzoni mwa 2019. Kwenye ukanda ambao mikeka imeshatumaliza, hatukuhitaji nyingine ndani ya PlayStation.

Na huduma za kulipia kwa mwezi? Game Pass ya Microsoft ilikuwa ofa nzuri sana kwa miaka. Oktoba 2025 kifurushi chake cha Ultimate kikatoka karibu dola 20 hadi karibu 30 kwa mwezi. Kwa bei hiyo mwaka mzima ni diski tano mpya, na ukiacha kulipa unabaki na pedi mkononi. PlayStation Plus, ya Sony, nalipia miezi ninapohitaji kucheza na watu mtandaoni, basi.

Ukishakubaliana nami ukaenda kutafuta mashine ya diski iliyotumika, nenda na diski yako mfukoni. Usikubali kuonyeshwa gemu iliyokwisha kuwekwa ndani. Ingiza diski, itoe, iingize tena, sikiliza kama inakwaruza. Kwa PS5 nenda na ya PS4, maana karibu zote inazisoma, na hiyo nayo ni hoja: mashine ya digitali haiwezi kutumia hata moja kati ya maelfu ya diski za PS4 zilizozagaa mjini kwa bei ya chini. Ingia kwenye akaunti yako palepale kuhakikisha mashine haijafungiwa mtandaoni. Sikiliza feni. Pwani yetu ina chumvi hewani na vumbi, na PS4 iliyokaa banda la gemu Tandika au Likoni miaka mitano bila kufunguliwa huunguruma kama daladala kwenye mlima. Fundi akiisafisha na kubadilisha ile dawa ya kupozea prosesa, inarudi ujana.

Pedi ndiyo itakayokusumbua. Vile vijiti vya kuongozea hutumia vipande vinavyosuguana ndani, vinalika, na mwishowe mchezaji wako anatembea peke yake. Kwa wacheza mpira cha kushoto hufa kwanza. Fundi mzuri anabadilisha kijiti bila kubadilisha pedi nzima, na siku hizi unaweza kumwomba aweke vya sumaku, ambavyo havisuguani. Usinunue pedi mpya kabla ya kumwona.

Diski nazo zitunze, na hapa kuna desturi ya enzi za PS2 inayopaswa kufa. Tulikuwa tukipaka dawa ya meno kwenye CD iliyochubuka, tunasugua, inasoma. Kwenye DVD data imekaa karibu milimita 0.6 ndani ya plastiki, kwa hiyo ulikuwa na unene wa kusugua. Blu-ray za PS4 na PS5 data yake iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa. Zina ngozi ngumu inayozuia mikwaruzo midogo, lakini mkwaruzo uliopenya umekwisha kula data, na dawa ya meno itamalizia. Mkwaruzo unaoushika kwa ukucha, rudisha diski kwa muuzaji.

Ninachokitazama sasa ni mashine itakayofuata baada ya PS5. Sony haihitaji kutangaza kwamba diski imekufa. Inatosha sehemu ya diski iendelee kuuzwa pembeni, ipungue madukani, ipande bei, hadi siku moja isitengenezwe. Kile kifaa cha kupachika hata leo kinahitaji intaneti mara moja ili mashine ikitambue, kwa hiyo anayepanga kukinunua akinunue na akipachike seva zikiwa hai. Mimi mashine mpya ikija bila sehemu ya diski, hela ya kwanza nitaitoa kwa kifaa hicho kabla sijanunua gemu yoyote. Wakikiondoa kabisa, nitabaki na PS5 yangu na Kariakoo.